Uko Wapi Sasa Hivi?

Mto Mississippi, ambao karibu safari yake yote ni ya kwenda kusini, hupinda ukifika Davenport, Iowa, na kwa kitambo hutiririka kutoka mashariki kwenda magharibi. Ndiyo maana wenyeji wa hapa wakikuelekeza njia hawakutajii mashariki wala magharibi ya mto. Wanakwambia upande wa Iowa au upande wa Illinois. Davenport na Bettendorf ziko Iowa. Ng'ambo ziko Rock Island, Moline na East Moline, na hizo ni za Illinois. Watu hulala huku wakafanya kazi kule, wakaoa kule wakajenga huku. Anayevuka daraja kwenda kununua unga hana haja ya kufikiri kwamba ametoka jimbo moja akaingia jingine. Muuguzi hana raha hiyo. Sisi tunalazimika kuukumbuka mpaka huo kila saa ya kazi.

Leseni yangu ya Iowa ni ya majimbo mengi. Kwa karatasi hiyo moja naweza kumhudumia mgonjwa aliye Texas, Florida, Nebraska au Maine bila kuomba ruhusa ya mtu mwingine. Lakini kwa karatasi hiyohiyo siruhusiwi kumsafisha kidonda bibi wa Rock Island, ambaye nyumba yake naiona nikisimama ukingoni. Illinois haimo kwenye mkataba wa majimbo yanayotambuliana leseni hizi. Majimbo yanayoizunguka, yaani Wisconsin, Iowa, Missouri, Kentucky na Indiana, yamo. Hata baraza la kitaifa la bodi za wauguzi, ambalo ndilo kitovu cha mkataba huu, lina ofisi zake Chicago, ndani ya Illinois.

Wauguzi wengi kutoka kwetu Kenya wanaokuja Marekani husikia habari za leseni moja inayovuka mipaka wakadhani mipaka imefutwa. Nataka kueleza kwa nini haikufutwa, na kwa nini leseni hiyo, pamoja na yote, ni jambo jema ambalo ningependa tulione Afrika Mashariki.

Marekani haina leseni ya taifa ya uuguzi. Kila jimbo lina sheria yake na bodi yake, na hali hiyo ni ya tangu North Carolina ilipotangulia kupitisha sheria ya kusajili wauguzi mwaka 1903. Majimbo mengine yakafuata, kila moja na daftari lake. Muuguzi akihama alianza foleni upya: ada mpya, fomu mpya, barua ya uthibitisho kutoka alikotoka, na kungoja. Wakati huohuo mtihani wenyewe, NCLEX, ni mmoja kwa nchi nzima. Aliyefaulu Utah amefaulu mtihani uleule aliofaulu mwenzake wa Maryland. Watu wakaanza kuuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini mtihani uwe mmoja na leseni ziwe hamsini.

Mkataba wa Leseni za Wauguzi ulianza kufanya kazi mwaka 2000, na Iowa iliingia mwaka huohuo. Waliouhubiri waliulinganisha na leseni ya udereva. Unaipata kwenye jimbo unakoishi, majimbo mengine yanaiheshimu, lakini ukiendesha gari kwao unafuata alama za barabara zao. Mkataba wa kwanza ulikuwa na udhaifu: kila jimbo lilikuwa na vigezo vyake vya kumpa mtu leseni, na majimbo yaliyokuwa yakichunguza rekodi za jinai za waombaji yalisita kumpokea muuguzi kutoka jimbo ambalo halikuchunguza. Ukaandikwa upya. Toleo jipya lilianza kutumika tarehe 19 Januari 2018, likiwa na masharti ambayo kila mwombaji wa leseni ya majimbo mengi lazima ayatimize, awe wapi awe. Awe amesoma chuo kinachotambuliwa, na kama alisoma ng'ambo, vyeti vyake viwe vimepimwa. Awe amefaulu NCLEX. Asiwe na leseni iliyofungwa au kuwekewa vizuizi. Achunguzwe alama za vidole katika kumbukumbu za jimbo na za serikali kuu. Awe na namba ya hifadhi ya jamii. Na kama Kiingereza si lugha yake ya kuzaliwa, au hakusomea uuguzi kwa lugha hiyo, afanye mtihani wa Kiingereza. Leo majimbo na maeneo zaidi ya 40 yameupitisha mkataba huo. California, New York, Minnesota na Illinois ni miongoni mwa yaliyobaki nje.

Mimi nilisomea uuguzi Mombasa na kufanya kazi Msambweni kabla ya kuja huku. Njia ya karatasi inajulikana kwa kila Mkenya aliyeipita. Baraza la Wauguzi la Kenya linapeleka rekodi zako kwa shirika la kupima vyeti, lililojulikana wakati wangu kama CGFNS, Philadelphia, na huko somo moja moja linapimwa: saa ngapi za watoto, saa ngapi za uzazi, saa ngapi za magonjwa ya akili. Kisha unasubiri, unafanya mitihani, unasubiri tena. Leseni yangu ya kwanza niliiomba nikiwa bado Kenya, sina anwani ya Marekani wala namba ya hifadhi ya jamii, kwa hiyo ilikuwa ya jimbo moja tu. Ile ya majimbo mengi ilikuja baada ya kuhamia Davenport na kuthibitisha kwamba kweli naishi hapa.

Kuliko mtihani wowote, ninachokikumbuka zaidi katika safari hiyo ni alama za vidole. Nilikwenda kituoni, askari akanipaka wino, akavingirisha vidole vyangu kimoja kimoja juu ya kadi. Baada ya muda kadi ikarudi: hazisomeki. Askari wa mara ya pili alikuwa mzee mpole. Aliinua mkono wangu hadi kwenye mwanga wa taa, akatazama ncha za vidole, akauliza, "Wewe ni nesi?" Alikuwa ameshawaona wengi. Miaka ya sabuni, spiriti na glavu hulainisha ngozi mpaka ile mistari inakaribia kufutika. Akanipa losheni nijipake, akaniambia nilegeze mkono wote kuanzia begani nimwachie yeye kazi, na safari hii kadi ilikubaliwa. Nilitoka pale nikijitazama mikono kwa heshima. Kazi ilikuwa imeniandika, na ushahidi wa kazi ndio uliotaka kunizuia kuendelea nayo.

Sharti la makazi ndilo linalowashangaza wageni. Leseni ya majimbo mengi haitolewi na jimbo unakofanya kazi. Inatolewa na jimbo unakoishi kisheria, nalo linathibitishwa kwa leseni yako ya udereva, fomu zako za kodi, au kadi ya mpiga kura kwa aliye raia. Rafiki yangu mmoja wa kutoka Kisii alifika mwaka mmoja nami. Tulifanya kazi wodi moja Davenport, tukala chakula chetu cha usiku meza moja. Yeye alipata nyumba Moline, vyumba vitatu kwa kodi nafuu, karibu na shule ya watoto, akaichukua kama ambavyo mzazi yeyote mwenye akili angeichukua. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa kusaini mkataba ule wa nyumba alikuwa anaamua pia aina ya leseni atakayokuwa nayo. Mkazi wa Illinois hawezi kupewa leseni ya majimbo mengi, hata kama kila senti yake anaipata Iowa. Kwa hiyo ana leseni mbili za jimbo moja moja, ya Illinois na ya Iowa. Ya Illinois inakwisha tarehe 31 Mei ya kila mwaka wa shufwa. Ya Iowa ina kalenda yake ya miaka 3. Ada mbili, mafunzo ya aina mbili. Idara yetu ilipotafuta wauguzi wa kuwapigia simu wagonjwa waliorudi makwao katika majimbo mbalimbali, hakuweza kuomba. Ujuzi wake haupungui wangu hata chembe. Kwenye kuchoma sindano kwa mtoto mwenye mishipa isiyoonekana, ananizidi.

Tangu hapo, binti yeyote wa kwetu anayenipigia simu kuniuliza habari za kazi huku, namuuliza kwanza anataka kuishi wapi, ndipo tuzungumze mshahara. Namwambia pia kwamba akihama kutoka jimbo la mkataba kwenda jimbo jingine la mkataba, ana siku 60 za kuomba leseni ya jimbo jipya. Kanuni hiyo ilianza mwanzoni mwa mwaka 2024. Na akihamia jimbo lililo nje ya mkataba, ile leseni yake ya majimbo mengi inarudi kuwa ya jimbo moja.

Baada ya kupata leseni ya majimbo mengi niliingia kazi ya mikataba kupitia wakala, kwa kawaida wiki 13 kila mkataba. Zamani muuguzi wa mkataba angelazimika kuanza kuomba leseni miezi kadhaa kabla ya safari. Mimi nilikuwa napigiwa simu, nafunga begi, naondoka. Hapo ndipo nilipojifunza maana ya yale maneno ya alama za barabara. Mkataba wa leseni unasema wazi kwamba muuguzi anafuata sheria ya jimbo aliko mgonjwa wakati wa kuhudumiwa. Leseni yangu ni ya Iowa, lakini nikiwa kando ya kitanda Texas, sheria ya uuguzi ya Texas ndiyo inayonitawala: nini naweza kumwachia msaidizi afanye, nini lazima nifanye mwenyewe, nini lazima niripoti na kwa nani.

Wengi huliona hilo kama mzigo. Mimi pia nililiona hivyo mpaka usiku mmoja katika hospitali moja ya Texas, ambayo sitaitaja. Zamu ilianza na wauguzi wawili pungufu. Msimamizi alinipa orodha ya wagonjwa ambayo, nikiisoma tu, nilijua haiwezekani. Wawili walikuwa wametoka kufanyiwa upasuaji jioni hiyo, mmoja alikuwa kwenye dripu ya insulini inayotaka kupimwa sukari kila saa, mwingine alikuwa amechanganyikiwa na anajaribu kushuka kitandani, na wengine juu yao. Nilikuwa mgeni, mtu wa mkataba, mtu ambaye akisema hapana anaweza kurudishwa kwao kesho yake. Muuguzi mwenyeji, mama wa makamo aliyezaliwa karibu na mpaka wa Meksiko, akanivuta pembeni karibu na kabati la dawa. Akaniuliza kama najua habari ya Safe Harbor.

Nilikuwa nimeisoma kabla ya kusafiri, maana nina desturi ya kusoma sheria ya jimbo kabla ya kukanyaga wodi yake, lakini kuisoma ni jambo moja na kuikumbuka saa moja usiku ukiwa umeshika orodha mkononi ni jambo jingine. Sheria ya Texas inampa muuguzi haki ya kuandika, kabla ya kuanza kazi aliyopewa, kwamba kwa nia njema anaamini kazi hiyo itamfanya avunje wajibu wake kwa wagonjwa. Akishaandika, hawezi kulipiziwa kisasi na mwajiri kwa kuandika huko, leseni yake inalindwa, na jambo lenyewe linapelekwa kwenye kamati ya wauguzi wenzake lichunguzwe. Haki hiyo lazima idaiwe mapema. Ukingoja mpaka mambo yaharibike umechelewa. Niliandika pale pale, nimesimama: jina, saa, orodha niliyopewa na sababu. Nilimkabidhi msimamizi. Alisoma, akanyamaza kidogo, akachukua simu. Muda si mrefu muuguzi akaletwa kutoka ghorofa nyingine, akachukua wagonjwa wawili kati ya wangu, mmoja wao yule wa insulini. Usiku ulikuwa mgumu, lakini ulikwisha salama.

Iowa haikunipa haki ile. Nilipewa na jimbo nililokuwa mgeni, jimbo ambalo halikuwahi kunipa leseni. Nilitambua usiku ule kwamba sheria ya mahali si ya kumbana muuguzi pekee. Watu wa mahali pale, wauguzi waliopita kabla yangu, walipigania kitu wakakiandika kwenye sheria yao, na kwa kuwa niko kwao nami nimo ndani yake. Ndiyo maana nakasirika nikimsikia mwenzangu akisema, "Mimi nina leseni ya majimbo mengi, sihitaji kusoma ya kwao." Anatupa ngao yake mwenyewe, na ya mgonjwa.

Baadaye magoti yalichoka na nikaingia kazi ya simu. Watu hudhani ni kazi nyepesi. Unakaa nyumbani, visikizio kichwani, kompyuta mbele, na mtu usiyemwona anakueleza maumivu yake. Macho yako ni maswali. Na swali la kwanza, kabla ya maumivu yanaanzia wapi na yanaelekea wapi, ni hili: uko wapi sasa hivi? Tunauliza ili, mambo yakiharibika, tujue gari la wagonjwa liende wapi. Tunauliza pia kwa sababu ya sheria: mgonjwa alipo ndipo ninapofanya kazi, hata kama mimi nimekaa jikoni kwangu Davenport.

Kituo cha simu kilikuwa kimenipima lugha na kunipa kibali cha kuzungumza na wagonjwa kwa Kiswahili bila mkalimani. Rock Island na Moline zimepokea watu wengi kutoka Kongo na Burundi, na baadhi yao wamevuka mto wakahamia upande wetu. Usiku mmoja simu ikahamishiwa kwangu. Mama mmoja, sauti ya Kivu, mtoto analia nyuma yake.

"Sista, mutoto iko na joto mingi."

Nikamwambia pole, nikamuuliza jina, nikamuuliza tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Miezi minane. Kwenye skrini anwani yao ilikuwa Davenport, barabara ninayoijua. Nikamuuliza, "Uko wapi sasa hivi, mama?"

"Niko ku nyumba."

"Nyumba yenu ya Davenport?"

Akasita kidogo. "Hapana. Ku nyumba ya dada yangu. East Moline."

Wakati ule sikuwa bado na leseni ya Illinois. Kwanza nilimuuliza yale ambayo mtu yeyote anapaswa kuuliza. Mtoto anapumua bila shida? Anakutazama? Ananyonya? Mwili umelegea au ana nguvu? Kama jibu lolote lingekuwa baya ningemwambia akate simu apige 911, na hapo hakuna bodi ya jimbo lolote ambayo ingenilaumu. Majibu yalikuwa mazuri. Mtoto ana homa, analia kwa nguvu, ananyonya. Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa ushauri wa kiuguzi wa kawaida, na ushauri huo haukuwa wangu kuutoa. Nikamwita mwenzangu wa zamu mwenye leseni ya Illinois, naye akaingia kwenye simu. Mimi nikabaki kama mkalimani.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Mwenzangu alikuwa makini na hakuharakisha. Aliuliza uzito wa mtoto, aliuliza dawa gani iko ndani ya nyumba, akamwomba mama asome maandishi ya kwenye chupa. Mimi nilikuwa najua swali linalofuata kabla hajaliuliza. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kipimo kichwani. Lakini kinywa changu kilikuwa chake kwa dakika zile. Nilimngoja aseme, ndipo nikasema kwa Kiswahili ambacho mama ataelewa, kisha nikarudisha jibu la mama bila kuongeza wala kupunguza. Mama hakujua kwamba sauti aliyokuwa akiisikia, ya muuguzi wa miaka mingi, usiku ule haikuwa na ruhusa ya kuwa ya muuguzi. Na hakuwa na haja ya kujua. Mtoto alipata alichohitaji. Juma lililofuata nikaanza maombi ya leseni ya Illinois.

Najua wapo watakaosema kwamba kama sheria inamzuia muuguzi kumsaidia mtoto aliye ng'ambo ya mto, sheria hiyo ni ya kipuuzi. Nami naamini Illinois inapaswa kuingia. Lakini sikubali kwamba wanaopinga hawana hoja. Vyama vya wauguzi, National Nurses United kikiwa mbele, vinasema mkataba unaweza kumpa mwajiri njia rahisi ya kuleta watu wa nje wakati wauguzi wake wamegoma. Wanasema pia viwango havilingani. Illinois inamtaka muuguzi aliyesajiliwa afanye saa 20 za mafunzo kila baada ya miaka 2, ilhali majirani zake Missouri na Wisconsin hawamtaki muuguzi wao saa hata moja ili kuhuisha leseni. Akija na leseni ya majimbo mengi, anakuja na masharti ya kwao. Hoja hiyo ya pili naiona nzito. Mkataba uliweka masharti ya kuingilia, haukuweka ya kubakia, na mtu anaweza kufaulu mtihani leo akakaa miaka 20 bila kufungua kitabu. Dawa yake, kwa maoni yangu, ni kuongeza sharti la mafunzo ndani ya mkataba, kwa wote. Kukaa nje hakumfundishi muuguzi wa Missouri chochote.

Na mwaka 2020 ulionyesha kitu. Korona ilipojaza vyumba vya wagonjwa mahututi, majimbo mengi yaliyo nje ya mkataba yalilegeza masharti kwa amri za dharura ili wauguzi wa majimbo mengine waingie. Majimbo ya mkataba hayakuhitaji amri kwa wauguzi wa majimbo wenzao. Milango ilikuwa imeshafunguliwa, na zaidi ya hapo ilikuwa imefunguliwa kwa watu waliokwisha kuchunguzwa. Amri inayoandikwa usiku wa dharura haina muda wa kuchunguza alama za vidole.

Kuchunguzana ndiko kiini cha jambo zima. Majimbo haya hayakuanza kuaminiana kwa kupendana. Yaliweka orodha ya masharti ambayo kila upande unaweza kuithibitisha, na yakaunganisha madaftari yao. Kuna kumbukumbu moja, Nursys, ambamo mwajiri, bodi, hata mwananchi wa kawaida, anaweza kuandika jina langu na kuona leseni yangu inafaa wapi na kama nimewahi kuadhibiwa. Nikikosa Texas, Texas inaweza kuniondolea ruhusa ya kufanya kazi kwao, na Iowa itajua na inaweza kuigusa leseni yenyewe. Zamani mtu aliyefukuzwa jimbo moja kwa kuiba dawa za maumivu aliweza kuhama na kuanza upya. Sasa ni vigumu. Wapo wauguzi wanaoogopa macho hayo, kwamba tuhuma moja itamfuata mtu kila mahali. Nawaelewa, na nadhani muuguzi anayetuhumiwa anastahili kusikilizwa haraka na mtu wa kumtetea. Lakini mgonjwa aliyelala usingizi wa dawa hawezi kumhoji anayemkaribia na sindano. Lazima mtu mwingine awe ameshamhoji kwa niaba yake.

Mpaka kama huo upo hata kwetu. Nilipokuwa Msambweni tulikuwa tukiwapokea wagonjwa kutoka Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga. Wadigo wako pande zote mbili. Mama mjamzito wa Horohoro anaweza kuwa na shangazi Kwale, na uchungu ukimshika akiwa kwa shangazi, atazalia Kenya bila mtu kumuuliza neno. Lugha moja, vyakula vile vile, hata hofu za uzazi ni zile zile, na dawa za kienyeji wanazokunywa kabla ya kuja hospitali tunazijua kwa majina. Mgonjwa alivuka bila shida. Muuguzi hakuweza. Mimi, niliyewazalisha akina mama hao, nikitaka kufanya kazi Tanga ilinibidi nianze na Baraza la Uuguzi na Ukunga la Tanzania kama mgeni kamili, na mwenzangu wa Tanga akitaka kuja Kwale alianza na la Kenya.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kifungu chake cha 11 kinazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na taaluma. Mlango wa kisheria upo. Kinachohitajika ni ile kazi ya kuchosha ambayo majimbo ya huku yaliifanya: mabaraza yetu yakae, yakubaliane saa za chini za masomo na za mazoezi ya wodini, yakubaliane namna ya kuchunguza rekodi ya mtu, na yafungue madaftari yao kwa kila mmoja, pamoja na majina ya walioadhibiwa. Na kila muuguzi anayevuka ajue kwamba akiwa Tanga anatawaliwa na sheria ya Tanzania, na akiwa Kwale ni ya Kenya. Si lazima nchi zote zingoje siku moja. Mkataba wa Marekani nao ulianza na majimbo machache, na mengine yakaingia yalipoona unafanya kazi. Kenya na Tanzania zinaweza kutangulia, na hazihitaji kuanza na kila idara. Zianze na wakunga wa hospitali zilizo kando ya mpaka, Msambweni kwa upande mmoja na Tanga kwa upande wa pili, ambao tayari wanawahudumia akina mama wale wale.